Kidole Nilichokisingizia

Siku yangu ya kwanza kazini mudiri hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniambia nitandaze mikono juu ya meza yake. Nikaitandaza, nikidhani labda anatafuta upele. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka letu la mabomba na vifaa vya umeme pale Hamriya, Maskati, na mudiri, Mwomani aliyezaliwa Unguja kama mimi, alivigeuza vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayechagua bamia.

"Virefu," akasema. "Ushawahi kudaka?"

"Mpira wa miguu, skuli. Nlikuwa nakaa golini."

"Huu si wa miguu. Huu ukikupiga utamwita mama yako." Akacheka kidogo. "Stoo utaanza leo. Lakini kazi yako khasa ni Ijumaa asubuhi."

Vijana mtakaosoma haya mtaona ni mzaha. Miaka ile makampuni ya Maskati yalishindana kwa kriketi kama watu wanavyoshindana kwa harusi. Kila tajiri alikuwa na timu yake, na mtu aliandikwa kazi ya kuhesabu mifereji na soketi, ilhali kilichomwingiza mlangoni ni bega lake au jicho lake. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mtoa mizigo wa stoo. Kwa ukweli wa mambo nilikuwa mdakaji. Ya stoo niliifanya miaka thelathini na minane, ya kudaka kumi na tisa, na ukiniuliza ipi ilinichosha zaidi nitakuonyesha magoti.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nitaeleza kwa ufupi. Vijiti vitatu vinasimamishwa ardhini, hivyo ndivyo wiketi. Mpigaji anasimama mbele yake na gongo la mbao kuvilinda. Mrushaji anakuja mbio kutoka mbali, anautupa mpira mgumu wa ngozi ili avipige vile vijiti au amkoseshe mpigaji. Nyuma ya vijiti amechutama mtu mmoja mwenye glavu kubwa, na kila kinachompita mpigaji ni chake yeye. Huyo ndiye mdakaji. Akiudaka vizuri siku nzima hakuna anayemkumbuka. Akiupitisha mmoja, wapinzani wanaokota alama za bure, ambazo sisi tunaziita mikimbio, na uwanja mzima unageuka kumtazama.

Viwanja vyetu havikuwa na jani hata moja. Ilikuwa changarawe tupu, na katikati ukanda wa sementi. Juu ya sementi tulitandika mkeka wa makumbi ya nazi, mzito kama maiti, uliobebwa kwa pikapu. Watu wanne walivuta pembe, wa tano akagongomea misumari, na aliyechelewa kufika ndiye aliyeurudisha begani jua likiwa limeshapamba moto. Tulianza mara tu baada ya alfajiri na tulilazimika kumaliza kabla ya sala ya Ijumaa, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya porojo.

Aliyenifundisha ni Kapteni. Alikuwa injinia wa kampuni, Muhindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hasira zake hazikuhitaji tafsiri. Alinichutamisha nyuma ya wiketi jioni moja, akanirushia mipira mia. Thelathini ya mwanzo ilinipiga kifuani na mmoja ukanipasua mdomo.

"Mkekani mpira unaruka," akaniambia, akinipa kitambaa cha kufutia damu. "Uinuke kabla yake. Usingoje kuuona. Anayengoja kuuona anakula kwa upande mmoja wa mdomo maisha yake yote."

Ndivyo nilivyojifunza. Mpira ukigusa mkeka, mimi tayari magoti yalishaanza kunyooka na glavu zinapanda kifuani, na mpira unakuja kukaa pale kama mgeni aliyeandaliwa kiti. Alinifundisha pia kurudi nyuma na mpira unapoupokea, usishindane nao, na kusikiliza. Mpira ukikwaruza ukingo wa gongo hutoa sauti ndogo sana, na mara nyingi ni mdakaji peke yake aliyeisikia; mpira huo akiudaka, mpigaji ametolewa. Baada ya miaka miwili nilikuwa nikimjulia mpigaji kwa pumzi zake.

Tulipochukua kombe la kwanza mudiri akanipandisha kuwa karani wa stoo. Tulipochukua la tatu, nikawa naibu msimamizi. Msimamizi mwenyewe, mzee mkali wa Kisuri, mtu wa pwani ya Omani, aliyeuchukia mchezo ule, aliniambia waziwazi, "Wewe unapanda cheo kwa kuchutama." Sikuweza kumbishia.

Katika miaka hiyo ndipo nilipomjua Iqbali. Alikuwa fundi wa magari katika gereji moja ya Wadi Kabir, mtu wa Pakistani, mwembamba, mikono imeingia girisi hata Ijumaa. Alidakia timu ya kampuni nyingine. Tulikutana uwanjani mara kumi kwa mwaka, tukawa marafiki wa aina ile ya watu wanaofanya kazi moja isiyoeleweka na wengine. Tulizungumza Kiarabu cha gerejini, na yeye akaokota Kiswahili kwangu neno moja moja. Nitasema hapa jambo ambalo sikuwahi kulisema nikiwa kazini: Iqbali alikuwa bora kuliko mimi. Alikulia kwao kwenye viwanja vya majani, na mpira ulimtii popote.

Nilikuwa nakaribia miaka arubaini, umri ambao wenzangu walishatundika viatu, wakati kamati ilipoanza kuunda timu ya taifa ya kwenda Malaysia. Karibu wote waliochaguliwa walikuwa wageni waliokaa nchini miaka mingi, kama kanuni zilivyoruhusu. Wamanga, sisi wenye nchi, tulikuwa wachache wa kuhesabika, na kamati ilitamani sana kuwa nao. Kapteni aliteuliwa kuiongoza. Mimi nikachaguliwa kuwa mdakaji. Iqbali akachaguliwa pia, lakini kwa upigaji wake.

Mudiri alichinja mbuzi. Mke wangu Nasra alinipigia pasi shati la timu mara tatu, na binti yetu Zuwena, aliyekuwa na miaka miwili, akalitapikia, likapigwa pasi mara ya nne. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Lakini ndani yangu kulikuwa na swali lililonikosesha raha: wamechagua mikono yangu au pasipoti yangu? Nilitaka sana iwe mikono. Sijapata kutaka kitu katika maisha ya kazi kama nilivyotaka hicho.

Tulifika Malaysia mvua inanyesha. Siku zote mbili za mazoezi ilinyesha, tukashinda hotelini tukinywa chai. Uwanja tuliuona dirishani tu, kijani kitupu mwanzo hadi mwisho, na katikati ukanda wa majani yaliyokatwa mafupi. Nilikuwa sijawahi kudaka mahali kama hapo. Usiku wa kuamkia mechi Iqbali alinijia kwenye kiti cha pembeni yangu wakati wa chakula.

"Sadiki," akaniita, "majani si mkeka. Pale mpira unalala. Kaa chini. Ngoja, ngoja, halafu inuka."

Nilimtazama usoni nikaona mtu anayeitaka nafasi yangu. Mungu anisamehe. Nikamjibu kwamba mimi nimedaka miaka kumi na tisa na sihitaji kufundishwa kukaa. Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kula wali wake.

Asubuhi wenyeji walianza kupiga. Mrushaji wetu akaja mbio, mpigaji akaukosa mpira, nami nikainuka kama nilivyoinuka miaka yote. Mpira haukuinuka. Ulipita chini ya glavu zangu, katikati ya miguu, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Mikimbio minne ya bure. Nikajiambia ni bahati mbaya.

Katika ova ya pili, yaani zile zamu za mipira sita anazorusha mtu mmoja, ukaja mwingine. Safari hii nilijiambia kwa sauti, kaa chini, kaa chini. Akili ilisikia. Magoti hayakusikia. Mazoea yana taabu, na mimi niliyazoesha magoti yale kuinuka kabla ya kufikiri, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Mpira ukapita tena. Watu walianza kucheka kwenye viti. Wa tatu ulipopita, katika ova ya tano, nilianguka kifudifudi, nikabaki pale nikinusa majani, sitaki kunyanyua uso.

Iqbali alikuwa amesimama hatua mbili kuliani kwangu. Hakusema kitu. Angesema, ningepata wa kumkasirikia.

Ova ilipokwisha Kapteni akaja akanisimamia mbele, mgongo wake umewaelekea watu.

"Nionyeshe kidole," akasema.

"Kidole gani? Hakina kitu."

"Najua hakina kitu. Nionyeshe hivyo hivyo, watu wanatazama."

Nikavua glavu ya kulia, nikamwonyesha kidole cha kati. Akakishika, akakiinamia, akakunja uso kwa huruma kubwa. Kisha akanong'ona, "Glavu mpe Iqbali. Wewe umeumia. Si aibu kuumia." Akaenda kwa mwamuzi kumweleza.

Alikuwa ananihurumia, na mpaka leo simlaumu. Iqbali alikuja kuchukua glavu. Alitia mkono wake ndani, akakitazama kidole changu nilichokuwa nimekishika kwa mkono wa pili kama kitoto cha ndege.

"Kidole zen?" akaniuliza. Zen ni neno la Ghuba, maana yake kizima.

"La," nikasema. "Si zen."

Kapteni ndiye aliyenipa uongo ule, lakini kinywa kilichoutamka ni changu. Nilikwenda kusimama mbali kabisa, karibu na kamba, mahali anapowekwa mtu asiye na kazi. Kutoka kule nikamwangalia Iqbali akidaka. Alikaa chini. Aliungoja mpira mpaka nikadhani ameusahau, kisha glavu zinakuwepo. Hakupitisha hata mmoja, na aliwatoa wapigaji wawili. Zamu yetu ya kupiga ilipofika tulijitahidi, tukashindwa kwa mikimbio kumi na moja. Mimi nilikuwa nimewapa kumi na miwili.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yangu moja ya taifa. Nilidaka ova tano.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshaamua kumwambia Nasra. Lakini habari ilitangulia kwa simu, nikamkuta amechemsha maji ya chumvi na amesaga manjano. "Lete mkono," akasema. Nikampa. Alinikanda, akanipaka, akanifunga kitambaa, na akafanya hivyo wiki mbili mfululizo, akinilisha kwa mkono wake. Siku ya nne ndipo nilipogundua kwamba nimempa mkono wa kushoto. Uwanjani nilionyesha wa kulia. Nilikaa kimya, na kidole kizima kikaendelea kufungwa manjano mpaka kikawa cha rangi ya pilau.

Mudiri naye akaipata picha iliyopigwa wakati Kapteni ameniinamia. Aliitia fremu akaitundika ukutani dukani, na kila mteja alionyeshwa. "Huyu kavunjika kidole kwa ajili ya nchi," alisema. Mwaka ule nikawa msimamizi kamili wa stoo. Nakala ya picha ile ilikuja kutundikwa sebuleni kwetu pia, mkono wa kulia umenyanyuliwa mbele ya watu wote, na Nasra akaifuta vumbi kila Alkhamisi. Hajawahi kusema neno, lakini macho anayo.

Mpaka hapa mtu anaweza kucheka. Mimi mwenyewe hucheka. Kisicho cha kucheka ni hiki. Timu ilipopangwa kwa safari iliyofuata, kamati iliniita na kuniuliza hali ya kidole. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kwamba kidole hakijapata kuumwa, na kwamba mdakaji wao ni Iqbali. Nikasema kidole bado kinanisumbua, lakini inshallah kitapona. Wakaniandika mimi mdakaji wa kwanza, majeruhi. Iqbali wakamwandika mtu wa dharura, aliyeshika glavu siku moja kumsaidia mwenzake. Mwishowe wakasema hawawezi kumngoja majeruhi wala kumtegemea mtu wa dharura, wakachukua mdakaji mpya kutoka timu nyingine. Iqbali hakuitwa tena. Mkataba wake wa gereji ulipokwisha alirudi kwao, na nchi hii haikupata kujua kwamba mdakaji bora iliyekuwa naye alikuwa analala chini ya magari Wadi Kabir.

Nilikwenda kumuaga. Alitoka chini ya gari, akajifuta mikono, akanikumbatia kwa viwiko ili asinipake girisi. "Kidole zen?" akaniuliza tena. Nikasema alhamdulillahi, sasa zen. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo. Nadhani alikuwa ananipa mlango, nami sikuupita.

Mwaka huu, kabla ya kuandika haya, nilimpigia simu kumuomba radhi na kumuomba ruhusa nimtaje. Ni babu sasa, ana gereji yake. Nilipomaliza kueleza alicheka mpaka akakohoa. "Sadiki," akasema, "mikono yako ilikuwa mizuri. Magoti ndiyo yalikuwa na haraka." Swali langu la miaka yote lilijibiwa hapo, na mtu niliyemdhulumu. Nililia kama mtoto baada ya kukata simu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilipita zaidi ya miaka ishirini bila kukutana na askari. Nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa na keki. Kustaafu kuna ubaya wake mmoja: huna tena mzigo wa kuhesabu, basi unajihesabu mwenyewe. Na mimi nisingepata kusema kitu lau si Zuwena.

Binti yangu sasa ni mwalimu wa hesabu. Anadaka. Nilimfundisha mimi, tangu ana miaka kumi, kwenye sementi ya uwanja wa skuli, na nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Mwaka huu aliitwa timu ya wanawake, na mechi yake ya kwanza ilikuwa ya kusafiri, kwenye majani. Alasiri moja akanijia na glavu zake. "Baba, twende bustanini ukanirushie kidogo."

Karibu na kwetu kuna bustani ya watoto yenye kipande cha majani. Tulisimika vijiti. Nikarusha mpira wa kwanza, chini, ukateleza kwenye majani. Zuwena akainuka. Mpira ukampita katikati ya miguu. Nikarusha wa pili, akainuka tena, na safari hii niliyatazama magoti yake tu. Yalikuwa magoti yangu.

"Unainuka mapema," nikamwambia.

"Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo, kwenye sementi. Majani hayataki hivyo. Kaa chini ungoje."

"Kocha wetu hajasema hivyo, baba. Na wewe utajuaje? Malaysia ulidaka robo saa tu, ukavunjika kidole."

Ningeweza kusema niliambiwa na Iqbali, na isingekuwa uongo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nilijua hatalishika. Mtu haachi mazoea ya miaka kumi na tano kwa kuambiwa, mimi ni shahidi, mimi niliambiwa juu ya sahani ya wali. Angekwenda kule akaanguka kifudifudi mbele ya watu kama mimi. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa ninaye aliyezaliwa, amesimama mbele yangu na glavu.

Nikaketi kwenye ukingo wa bembea nikamwambia yote. Mipira mitatu. Kidole. Mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Kamati. Iqbali.

Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alikuwa ameshavua glavu.

"Hakikuvunjika kabisa?"

"Hakikuwa na kitu."

"Mama anajua?"

"Nadhani anajua tangu wiki ile ile."

"Na Ammi Iqbali?"

"Alijua pale pale uwanjani."

"Na Kapteni ndiye aliyeutunga uongo huo."

"Ndiye."

Akakunja uso, kama anavyofanya hesabu inapomgomea. "Basi wote walikuwa wanajua. Miaka yote hii ulikuwa unamficha nani?"

"Wewe," nikasema.

Aliokota glavu zake majanini, akazivaa moja baada ya nyingine, akarudi taratibu nyuma ya vijiti. Akachutama, chini zaidi ya mara ya kwanza, chini mpaka nguo yake ikagusa majani.

"Haya rusha, baba," akasema. "Nangoja."